Dawn FM ya The Weeknd: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Albamu hii ikitajwa tu, maswali huwa ni yale yale: yule mzee wa kwenye kava ni nani, mbona kuna mtangazaji anaongea katikati ya nyimbo, na inakuwaje muziki uliotoka mwaka 2022 usikike kama wa mwaka 1983. Majibu yote yako hapa. Kama hujawahi kuisikiliza na hutaki kuharibiwa hadithi, ruka moja kwa moja hadi swali la namna ya kuisikiliza, halafu urudi.

Dawn FM ni nini hasa?

Ni albamu ya tano ya studio ya The Weeknd. Ilitoka tarehe 7 Januari 2022 chini ya lebo za XO na Republic, ina vipande 16 na inakwenda kwa takriban dakika 52. Imepangwa kama kipindi cha redio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kituo chenyewe ni cha kubuni, kinaitwa 103.5 Dawn FM, na kina kila kitu ambacho kituo cha redio huwa nacho: mtangazaji, jingle (kiwimbo kifupi cha kujitambulisha), tangazo la biashara, hata mgeni wa kusimulia kisa cha maisha yake. Nyimbo zimeingizwa humo ndani.

The Weeknd ndiye nani, kwa asiyemfahamu?

Jina lake ni Abel Makkonen Tesfaye. Alizaliwa Toronto, Kanada, tarehe 16 Februari 1990, na wazazi wake walitoka Ethiopia. Lugha yake ya kwanza ni Kiamhari. Mwaka 2011 aliachia mixtape tatu bure mtandaoni, wakati huo watu wengi hawajui hata sura yake ikoje. Miaka tisa baadaye wimbo wake "Blinding Lights" ulikuwa unapigwa kila mahali, ukakaa kwenye chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 90.

Hadithi ya albamu ni ipi?

Wewe msikilizaji umekufa. Huo ndio mwanzo, na The Weeknd mwenyewe aliueleza waziwazi alipozungumza na jarida la Billboard mwezi Novemba 2021, kabla albamu haijatoka. Alisema tumfikirie msikilizaji kuwa amekufa na amekwama mahali pa katikati, kama mtu aliye kwenye foleni ya magari ndani ya handaki, anasubiri kuufikia mwanga ulio mwisho wake. Ndani ya gari redio inawaka, na mtangazaji ndiye anayemsindikiza hadi ng'ambo ya pili.

Sasa angalia inavyofanya kazi. Kipande cha kwanza kinaanza kwa milio ya ndege, kisha mtangazaji anaingia na sauti laini ya mtu anayekupa pole. Anakwambia umekaa gizani muda mrefu mno, ni wakati wa kuuendea mwanga, na usiogope kwa sababu mpito wenyewe hauna maumivu. Anaongea kwa adabu sana, kama vile anauza bima. Halafu wimbo unaofuata, "Gasoline", unaanza saa kumi na moja alfajiri na mtu ambaye hana utulivu wowote: anaimba juu ya kufa na kuchomwa moto, juu ya kutoona maana ya chochote. Mtangazaji anahubiri amani, mwimbaji hana amani. Mvutano huo ndio hadithi. Haina wahusika wengi wala matukio ya kufuatana kama riwaya. Ni mtu mmoja anayepitia mapenzi yake yaliyoharibika, moja baada ya lingine, huku akiambiwa ayaachie.

Anayeitafuta hadithi yenye "kisha akaenda, kisha akakutana na" hataipata. Nyimbo za katikati, kama "Best Friends" na "Is There Someone Else?", zikisikilizwa peke yake ni nyimbo za wivu na usaliti za kawaida kabisa. Zinapokuwa ndani ya redio hiyo ndipo zinageuka kuwa kumbukumbu za marehemu.

Kwa hiyo ni toharani?

Ndiyo, na mwenyewe hutumia neno hilo. Ila usitafute mafundisho ya dini humo. Hakuna hukumu, hakuna orodha ya dhambi, hakuna moto. Kuna foleni.

Mtangazaji ni nani?

Ni Jim Carrey, mwigizaji wa vichekesho, naye pia ni mtoto wa Ontario, jimbo lenye Toronto. Watu wengi husikiliza albamu nzima bila kumtambua, kwa sababu hafanyi hata kichekesho kimoja. Anaongea polepole, kwa ule utulivu wa watangazaji wa usiku wa manane, na mara moja moja ukali wa maneno yake unajitokeza chini ya ule upole. Mwishoni mwa "Out of Time", kwa mfano, anakwambia usithubutu kugusa kitufe cha kubadili stesheni, kisha anakukumbusha kwamba muda wako kweli umekwisha, lakini usihangaike, bado kuna muziki kabla hujamezwa na ule mwanga mdogo unaouona kwa mbali. Ukiisikia mara ya kwanza unatabasamu. Mara ya pili huoni cha kuchekesha.

Ukiacha Carrey, kuna wengine wanaozungumza: prodyuza Quincy Jones ana kipande chake mwenyewe, na mwongozaji wa filamu Josh Safdie naye sauti yake imo. The Weeknd aliwahi kuigiza kama yeye mwenyewe kwenye filamu "Uncut Gems" ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Safdie na ndugu yake Benny.

Lakini kwa nini redio? Si angesimulia tu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote.

Redio ni njia ya kusikiliza ambayo msikilizaji hachagui. Unafungua, unakuta kinachoendelea, na kinachofuata kinaamuliwa na mtu usiyemwona. Kwenye simu tunaruka wimbo baada ya sekunde kumi; kwenye redio unakaa na wimbo usioupenda kwa sababu unaofuata huenda ukawa mzuri. Hali ya mtu aliyekufa ndiyo hiyo hiyo: uamuzi hauko tena mikononi mwake. Ndiyo maana naona redio hapa si pambo. Ukiitoa, albamu inabaki kuwa nyimbo nzuri za kucheza zenye maneno ya huzuni, na za aina hiyo The Weeknd alikuwa nazo nyingi tayari.

Jambo la pili ni kwamba redio ndiyo iliyozibeba sauti hizi zilipokuwa mpya. Muziki wa sintisaiza (kinanda cha umeme) wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliwafikia watu ndani ya magari na vyumbani usiku, kwenye FM. Mtu wa kizazi hicho akisikia aina fulani ya besi ya mashine hukumbuka sehemu aliyokuwa amekaa. Albamu inatumia kumbukumbu hiyo kama kifaa cha kazi: muziki wa zamani unapigwa kwa mtu ambaye kila alichonacho sasa ni cha zamani. Majuto yake ni ya jana, nyimbo zake ni za jana, na mtangazaji anamsihi aache jana.

Wazo la redio pia lina historia ndani ya kundi lililotengeneza albamu, na hilo linakuja kwenye swali la maprodyuza.

Sintipop ni muziki gani?

Ndio muziki wa Dawn FM: pop inayojengwa juu ya sintisaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme badala ya nyuzi au nyundo, pamoja na mashine za ngoma. Gitaa likiwepo huwa pembeni.

Mizizi yake ni ya Ujerumani. Kundi la Kraftwerk la Düsseldorf lilitoa albamu "Autobahn" mwaka 1974, na wimbo wake mkuu, wa zaidi ya dakika 20, ulihusu safari ya gari barabarani. Mwaka 1977, mjini Munich, Giorgio Moroder alimrekodi Donna Summer akiimba "I Feel Love" juu ya besi ya mashine inayojirudia bila kuchoka. Karibu kila kitu kwenye wimbo huo, ukiacha sauti yake mwenyewe, kilitoka kwenye sintisaiza. Kisha Uingereza ikaingia kwa kishindo: Gary Numan mwaka 1979, The Human League wa Sheffield mwaka 1981, Depeche Mode, Eurythmics, Pet Shop Boys. Vijana wasiojua kupiga gitaa waligundua kwamba kidole kimoja kwenye kinanda kinatosha.

Vyombo vipya ndivyo vilivyofanya hayo yawezekane. Prophet-5 ya mwaka 1978 ilikuwa na kumbukumbu, kwa hiyo mpigaji aliweza kuhifadhi sauti aliyoitengeneza na kuirudisha kwa kubonyeza kitufe. Kabla ya hapo ilibidi aandike mahali kila kidude kilipokuwa kimezungushiwa. Roland wakaleta Juno-60 mwaka 1982, ya bei nafuu na yenye mlio mnene unaoyumbayumba kidogo. Yamaha wakaja na DX7 mwaka 1983, ile yenye milio ya kengele za kioo iliyosikika kwenye nusu ya nyimbo za mapenzi za muongo ule. Mwaka huo huo wa 1983 ukaja mfumo wa MIDI, vinanda vya kampuni tofauti vikaweza kuelewana kwa waya mmoja. Kwa ngoma kulikuwa na TR-808 ya mwaka 1980 na LinnDrum ya mwaka 1982.

Na ule mlio wa ngoma unaopasuka "PAH!" kisha kukatika ghafla? Ule ulipatikana studio London mwaka 1979, mhandisi Hugh Padgham akifanya kazi na Peter Gabriel na Phil Collins. Mwangwi unaachwa ujae chumba, halafu mlango wa kielektroniki unaufungia kabla haujafifia wenyewe. Ukiusikia tu, unajua muongo.

Nitazitambuaje sauti hizo ndani ya Dawn FM?

Anza na "Take My Breath". Sikiliza chini, si juu. Besi inakimbia kwa noti fupi fupi zinazolingana, haipumziki, haibadiliki mwendo. Huo ni urithi wa moja kwa moja wa Moroder. Hata sauti ya The Weeknd inapopanda juu kabisa, chini mashine inaendelea na kazi yake kana kwamba haimsikii.

Kisha nenda "Less Than Zero", karibu na mwisho. Hapa kinanda ndicho kinachoimba kiitikio; kuna kipande kifupi cha noti za kung'aa ambacho kingeweza kufungua kipindi cha televisheni cha mwaka 1985. Maneno yanasema kitu kingine kabisa: mtu anakiri kwamba ameshindwa kuifukuza hatia yake, na kwamba machoni pa mwenzake atabaki kuwa chini ya sifuri. Wimbo mchangamfu kuliko yote kwenye albamu ndio wenye mtu aliyekata tamaa kuliko wote. Kwa maoni yangu ndio wimbo bora humu, na ninajua mashabiki wa "Out of Time" hawatakubali.

Lakini usidhani ni kunakili. Besi za 2022 zinashuka chini kuliko rekodi za wakati ule zilivyoweza, na kila sauti imesafishwa. Rekodi za kweli za 1983 ukiziweka kando ya hii zinasikika nyembamba.

Nani waliitengeneza?

Majina mawili yanatosha kuielewa: Max Martin na Daniel Lopatin.

Max Martin ni Msweden ambaye ameandika nyimbo nyingi zilizoshika nafasi ya kwanza Marekani, kuanzia enzi za Britney Spears. Yeye na mwenzake Oscar Holter ndio walioshirikiana na The Weeknd kwenye "Blinding Lights". Kazi yao ni kiitikio: kikiingia lazima kikae kichwani, na hakuna sekunde inayopotea.

Lopatin ni mtu wa upande mwingine kabisa. Anajulikana kwa jina la Oneohtrix Point Never, anafanya muziki wa kielektroniki wa majaribio, na kwa miaka mingi amehusishwa na kinanda cha Juno-60. Ndiye aliyetunga muziki wa "Uncut Gems", na ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa muziki The Weeknd alipotumbuiza mapumziko ya Super Bowl mwezi Februari 2021. Mwaka 2020 alitoa albamu "Magic Oneohtrix Point Never", nayo imejengwa kama redio inayohama kutoka kituo kimoja hadi kingine. The Weeknd alikuwa mtayarishaji mtendaji wa albamu hiyo na akaimba ndani yake. Kwa hiyo anayesikia redio kwenye Dawn FM anasikia mazungumzo yaliyoanza kabla.

Wawili hao wakikutana, mmoja anataka uimbe na mwingine anataka uhisi kuna kitu hakiko sawa. Sehemu bora za albamu ni pale ambapo wote wawili wanashinda.

Wengine ni Swedish House Mafia, ambao mkono wao umo kwenye "How Do I Make You Love Me?" na "Sacrifice", na Calvin Harris kwenye "I Heard You're Married".

Kuna nyimbo zilizochukuliwa sampo?

Sampo ni kipande cha rekodi ya zamani kinachotumiwa ndani ya wimbo mpya, na zinazojulikana zaidi hapa ni mbili. "Sacrifice" imechukua gitaa na mdundo wa "I Want to Thank You" wa Alicia Myers, wimbo wa mwaka 1981. "Out of Time" imejengwa juu ya "Midnight Pretenders" wa Tomoko Aran, mwimbaji wa Japani, wa mwaka 1983.

Huu wa pili unastahili neno zaidi. Ni wa aina ya muziki inayoitwa city pop, pop ya mijini ya Japani iliyochanganya soul, jazi na sintisaiza wakati uchumi wa nchi ile ulikuwa unapaa. Kwa miongo kadhaa haikujulikana sana nje, hadi kizazi cha intaneti kilipoifukua. The Weeknd hakukata kipande kidogo na kukigeuzageuza. Aliiacha sampo itawale, akaimba juu yake taratibu kama mtu anayeomba msamaha akijua amechelewa. Ukisikiliza wimbo wa Aran mwenyewe utashangaa jinsi The Weeknd alivyougusa kidogo.

Mashairi nayo yamo: kipande "Every Angel Is Terrifying" kinaanza kwa mistari ya Rainer Maria Rilke kutoka "Duino Elegies", halafu bila onyo kinageuka kuwa tangazo la kejeli linalokuuzia maisha baada ya kifo.

Quincy Jones anasema nini kwenye kipande chake?

Anasimulia utoto wake. Mama yake aliugua akili na akachukuliwa nyumbani akiwa amefungwa, yeye akiwa mtoto mdogo anaangalia. Kisha anaeleza jinsi kukua bila mama kulivyomfanya ashindwe kuwa karibu na wanawake aliokuwa nao na hata watoto wake, na kwamba alikuja kulielewa hilo amechelewa sana.

Jones ndiye prodyuza wa "Off the Wall" na "Thriller" za Michael Jackson, kwa hiyo kumweka mara tu baada ya "Sacrifice", wimbo ambao The Weeknd anamkaribia Jackson waziwazi, ni heshima. Lakini kisa chenyewe ndicho chenye uzito. Ni mtu halisi, mzee, anayefanya kile ambacho mhusika wa albamu anakataa kukifanya: kuangalia nyuma na kusema kilichotokea. Jones alifariki tarehe 3 Novemba 2024, na tangu hapo kipande hicho ni kigumu zaidi kukisikiliza.

Yule mzee kwenye kava?

Ni The Weeknd mwenyewe, amepakwa vipodozi na kubandikwa ngozi bandia. Wakati wa "After Hours", albamu iliyotangulia hii, alitokea na pua iliyovunjika, kisha bandeji uso mzima, kisha uso uliovimba kama wa mtu aliyefanyiwa upasuaji. Uzee ni hatua inayofuata. Kwenye video ya "Gasoline" kijana na mzee wanakutana, na haiishii vizuri.

Mbona "Gasoline" anaimba kama mtu mwingine?

Kwenye beti ameshusha sauti hadi chini na kuikausha, kwa lafudhi inayokaribia ya Kiingereza cha Uingereza, kama walivyokuwa wakiimba waimbaji wa new wave, muziki wa enzi zile za sintisaiza. Ikifika kiitikio anarudi kwenye sauti yake ya juu. Watu wengine hudhani ni mgeni aliyealikwa. Wageni waalikwa wa kuimba na kurap ni wawili tu: Tyler, the Creator kwenye "Here We Go… Again", ambamo pia Bruce Johnston wa The Beach Boys ameweka sauti za nyuma, na Lil Wayne kwenye "I Heard You're Married".

Ni lazima nianze na After Hours?

Si lazima. Ni albamu tatu zinazofuatana: "After Hours" ya Machi 2020, "Dawn FM", na "Hurry Up Tomorrow" ya tarehe 31 Januari 2025. Ya kwanza ni usiku wa kujiangamiza, ya pili ni baada ya kifo. Ya tatu inafunga duara, kwa sababu wimbo wake wa mwisho unaungana na mwanzo wa mixtape yake ya kwanza ya 2011, "House of Balloons". Dawn FM ndiyo inayojitosheleza zaidi kati ya hizo tatu.

Nisikilizeje?

Kwa mpangilio wake, mara moja bila kukatiza, na spika au hedifoni zenye besi. Kabla hujaanza, zima kuchanganya nyimbo, na kama programu yako ina mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, uzime pia. Albamu imeshaunganishwa yenyewe, na programu ikijiongezea kazi inaharibu.

Mahali pa kupima kama umeweka sawa ni kati ya kipande cha tatu na cha nne. "How Do I Make You Love Me?" haiishi, inamiminika ndani ya "Take My Breath", na ukiwa hujatazama kioo cha simu utakuja kushtuka uko ndani ya wimbo mwingine. Ukisikia ukimya hapo, hata wa nusu sekunde, kuna kitu hakijawekwa vizuri. Toleo la "Take My Breath" lililo ndani ya albamu pia ni refu karibu dakika mbili zaidi ya singo iliyotoka Agosti 2021, na nyongeza yenyewe ni ya kucheza. Aliyeizoea singo huona albamu inamchelewesha. Avumilie.

Ndani ya gari usiku ni pazuri, kwa sababu zilizo wazi.

Inafaa watoto?

Hapana. Ina matusi, ngono, dawa za kulevya na maneno ya kutamani kufa. Kuna toleo lililosafishwa, lakini linasafisha maneno, haliondoi mada.

Kuna wimbo wa kuruka?

Nikilazimishwa, "I Heard You're Married". Besi ya Calvin Harris ni tamu, lakini Lil Wayne anaingia na mstari ambao ungeweza kuwa kwenye albamu yoyote nyingine, na kwa dakika kadhaa unasahau uko kwenye handaki. "Don't Break My Heart", iliyo kabla yake, nayo si kitu. Kwa hiyo albamu inalegea kidogo hapo, kisha "Less Than Zero" inaiokoa.

Ilifanya vizuri kwenye chati?

Iliingia namba moja Kanada na Uingereza. Marekani iliingia namba mbili kwenye Billboard 200, ikizidiwa kidogo sana na "DS4Ever" ya rapa Gunna: hesabu ya mauzo na usikilizaji kwa pamoja ilikuwa 148,000 dhidi ya 150,300. Kumbuka ilitangazwa tarehe 3 Januari na kutoka siku nne baadaye, na nakala za CD na santuri hazikuwa tayari, zilikuja baadaye. Haikuzaa wimbo wa ukubwa wa "Blinding Lights", na wapo wanaoiita albamu iliyofeli kwa sababu hiyo. Kipimo hicho ni cha ajabu. Nyimbo za ukubwa ule hazitoki kila baada ya miaka miwili kwa mtu yeyote.

Mbona haikupata Grammy?

Kwa sababu "After Hours" haikuteuliwa hata mara moja, na mwezi Machi 2021 The Weeknd alisema hataruhusu tena lebo yake iwasilishe muziki wake kwenye tuzo hizo. Alirudi jukwaani pao Februari 2025.

Kipande cha mwisho kina maana gani?

"Phantom Regret by Jim" ni shairi la Jim Carrey, la vina, karibu la kitoto kwa namna linavyokwenda. Hapo mtangazaji anaacha kuuza chochote. Anauliza maswali: ulikwenda kaburini na vinyongo vingapi, ulifanyaje ulipokuwa hupendwi, na je, uliwahi kwenda sawa na wimbo ambao maisha yalikuwa yakiuimba. Kisha anasema mbingu ni ya wale wanaoachia majuto, na ili uione mbingu inabidi wewe mwenyewe uwe mbingu.

Wengine husikia hapo mhusika ameokoka. Mimi sisikii hivyo. Angalia nani anaongea: ni mtangazaji. The Weeknd mwenyewe aliongea mara ya mwisho kwenye "Less Than Zero", na pale alikuwa bado hajaachia kitu. Hatusikii jibu lake. Kipindi kinaisha, na hakuna mahali tunapoambiwa kama gari limetoka kwenye handaki.

Kuna video au filamu yake?

Zipo za "Sacrifice", "Gasoline" na "Out of Time". Hiyo ya mwisho ina Jung Ho-yeon wa "Squid Game" na Jim Carrey anatokea kwa sura yake. Vilevile kuna onyesho maalumu la Amazon, "The Dawn FM Experience", la tarehe 26 Februari 2022.

Nikiimaliza, nisikilize nini?

Kama ulichopenda ni hadithi, nenda "Hurry Up Tomorrow". Kama ni redio, tafuta "Magic Oneohtrix Point Never" ya Lopatin, ila jiandae, haina viitikio vya kukushika mkono. Kama ni "Out of Time", sikiliza "Midnight Pretenders" kisha albamu nzima ya Tomoko Aran iliyoubeba. Na kama ni besi ya "Take My Breath", anza na Donna Summer ya 1977, sauti ikiwa juu.